Mbegu ya mwani: ya kukata au ya spora? Tuzipambanishe

Kila bamvua likikaribia kuna mtu ananipigia kuuliza swali hili hili, mbegu ya mwani nichukue vipande kwa jirani kama siku zote au nisubiri hii ya spora (chembe ndogo za seli moja ambazo mwani unamwaga majini) wanayoizungumza siku hizi, na kujibu nusu nusu kwenye simu naona haifai, kwa hiyo leo naandika yote. Mimi nimelelewa na mwani. Mama alianza kulima nikiwa mdogo, ada ya skuli ilitoka kwenye kamba zake, halafu nikaja kusoma baiolojia na siku mwalimu alipochora mitosisi ubaoni, yaani seli moja inavyogawanyika kuwa mbili zinazofanana, nikasema moyoni jamani hii si ndo kazi ya mama ya kila wiki sita? Ndo hiyo hiyo, tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia jina lake.

Mwenye haraka achukue hili: kama unategemea kamba zako zikulishe mwezi ujao, kata. Kama ni kikundi, mna mtu mwenye maabara karibu na mnaweza kuvumilia mwaka bila kutegemea hilo shamba, tafuteni spora na muanze sasa hivi. Ila usiishie hapo, maana usipojua sababu utauziwa kitu ambacho sicho, na hilo nitalifikia.

Tuanze na ya kukata kwa sababu ndo tunayoijua. Unashika kishada, unavunja kipande cha gramu 50 mpaka 100 hivi, unakifunga kwa taitai (kile kijikamba kidogo cha kufungia) kwenye kamba, kamba unaikaza baina ya vigingi viwili, unaenda zako, baada ya wiki sita unakuta fungu zima. Kilichofanyika humo ndani ni mitosisi mwanzo mwisho. Kwenye ncha za matawi kuna seli ambazo kazi yake ni kugawanyika tu, seli inanakili kromosomu zake zote (nyuzi zinazobeba sifa za urithi), nakala moja inavutwa huku nyingine kule, halafu ukuta unaingia katikati. Na hapa mwani una mambo yake. Mmea wa nchi kavu kama muhogo ukuta mpya unaanzia katikati ya seli unatanuka kwenda pembeni, lakini mwani wetu (aina mbili tunazolima, mwembamba na mnene, zote ni kundi la mwani mwekundu, hata huo unaouona wa kijani au wa kahawia) ukuta unaanzia pembeni unajibana kwenda ndani kama mdomo wa mfuko unaokazwa kamba, na haumalizii kabisa, unaacha kitundu katikati na kitundu kinazibwa na kizibo cha protini, kwa hiyo seli dada zinabaki zimeshikana hapo hapo. Mimi nilipoliona hilo kwenye hadubini mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu.

Cha muhimu kwa mkulima ni hiki: mitosisi haibadilishi kitu kwa makusudi. Kipande ulichokata na kishada ulichokikatia ni mwili mmoja. Ukimpa jirani naye akampa shemeji yake wa kijiji cha pili, shamba lako, la jirani na la shemeji ni mmea mmoja umetapakaa sehemu tatu. Sasa panua hiyo picha. Kilimo cha biashara Zanzibar kilianza 1989 upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, na mbegu ilitoka Ufilipino. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishafanya utafiti wa mwani wa pwani yetu miaka mingi kabla ya hapo na tunao mwani wetu wa asili kwenye miamba, ila uliofungwa kwenye kamba ni ule wa kuja. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha mwani mnene unaolimwa sehemu nyingi duniani ni wa ukoo mmoja, yaani wa Ufilipino, wa Indonesia na wa kwetu ni kama vipande vya shamba moja kubwa. Tumekuwa tukikata mwili ule ule kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa ya spora, na hapa twende taratibu kwa sababu mzunguko wa mwani mwekundu una maisha matatu badala ya mawili yaliyozoeleka.

Kuna miche dume na miche jike, hii ina seti moja tu ya kromosomu. Dume anatoa mbegu za kiume ambazo hazina mkia, haziogelei, mwani mwekundu hauna mkia wa kuogelea kwenye hatua yoyote ile ya maisha yake, kwa hiyo mbegu inabebwa na maji tu mpaka iguse kinywele kilichochomoza kwenye seli ya jike. Ikigusa, mimba inatunga, lakini mtoto haondoki. Anakua juu ya mwili wa mama yake kama kivimbe, analishwa humo humo, anajizidisha kwa mitosisi na kumwaga spora chungu nzima, hizi zina seti mbili. Spora ikishika jiwe linaota fungu jipya la seti mbili, ambalo kwa macho huwezi kulitofautisha na yale ya dume na jike. Hilo fungu ndo linafanya meiosisi: seli moja inagawanyika mara mbili zinatoka spora nne, kila moja seti moja, na kabla hazijaachana kromosomu zilizotoka kwa baba na zilizotoka kwa mama zinabadilishana vipande. Spora hizo nne zinaota dume na jike wapya na kila mmoja ana mchanganyiko ambao haujawahi kuwepo. Hapo ndo penye siri yote ya spora.

Kwa nini mtoto abaki kwa mama? Maelezo wanayoyatoa wataalamu wengi ni kwamba mbegu isiyoogelea inakutana na jike kwa nadra, kwa hiyo mimba moja ikipatikana inazidishwa iwe maelfu ili isipotee bure. Naongeza kidogo hapa kwa kuwa lilinifurahisha sana: 2022 watafiti waliofanya kazi Ufaransa walionyesha kwamba kuna kidudu kidogo cha bahari, Idotea, kinachotembea juu ya mwani aina ya Gracilaria kikila uchafu, mbegu za kiume zinamganda mwilini anazipeleka kwa jike, vile vile afanyavyo nyuki kwenye maua. Baharini!

Sasa tuziweke zote mbili mezani.

Kwenye kasi, ya kukata inashinda bila ubishi. Wiki sita na umevuna, na sehemu ya mavuno ndo mbegu ya mzunguko ujao, hununui. Ya spora inataka kwanza umpate mmea uliokomaa uzazi, na huo ni tabu kuupata shambani kwa sababu tunavuna kabla haujafika huko na ukoo tunaoulima hauzai mara nyingi, halafu spora zitoke, zishike kwenye kitu, ziote, nyingi zinakufa zikiwa hazionekani hata kwa macho, na kuvikuza vile vichipukizi mpaka viweze kufungwa kwenye kamba ni miezi kadhaa ya maabara na matangi yenye maji safi. Mama wa kijijini peke yake hawezi, na asiambiwe anaweza. Ufilipino wamefanikiwa kuotesha mwani mnene kutokana na spora, kwa hiyo inawezekana, ila ni kazi ya taasisi.

Kwenye usawa wa mavuno pia ya kukata iko juu. Mnunuzi anataka karajini, ule utomvu unaogandisha maziwa, dawa ya meno na vitu kama hivyo, mwani mnene unatoa aina ya kapa na mwembamba unatoa aiota, na fungu zuri ukilikata utapata mafungu mazuri yanayofanana. Watoto wa spora kila mmoja na lake, mmoja anakua fasta, mwingine amedumaa, wa tatu ni laini sana. Ukizitoa spora 100 ukazifunga zote kwenye kamba kama zilivyo utapata shamba la ajabu, na nimeona watu wanakata tamaa hapo wakisema spora ni mbovu. Siyo mbovu, hujachagua tu.

Ila njoo kwenye maradhi na joto, hapa mizani inapinduka.

Mwani mnene bei yake huwa juu ya mwembamba, mara nyingi mara mbili au zaidi, kila mkulima angependa aulime huo. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukitufia, matawi yanageuka meupe kama yamechovywa kwenye maji ya moto, yanakatika, kamba inabaki tupu. Wataalamu wanaita ice-ice. Maji ya kina kifupi yakipata joto, mvua za masika zikaleta maji baridi yasiyo na chumvi, mwani unadhoofika na bakteria wanamalizia. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, amelifuatilia jambo hili Zanzibar kwa miaka mingi na ndo maana wakulima wengi walihamia kwenye mwembamba ambao unavumilia zaidi, na wengine wakapelekwa kina kirefu ambako maji ni ya baridi kidogo. Kina kirefu kinasaidia kweli, ila kinataka ngalawa na kujua kuogelea, na wakulima wetu ni zaidi ya watu 20,000 wengi wao ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea, kwa hiyo suluhisho la kuhama mahali linawaacha wengi ufukweni.

Sasa ukikumbuka kwamba shamba zima ni mwili mmoja unaelewa kwa nini linakufa lote kwa wiki moja. Joto linaloua tawi moja linaua yote, hakuna tawi lililo tofauti likabaki. Na jingine, kama ukoo ulioshika ni wa seti moja ya kromosomu basi hauna nakala ya akiba, kosa likitokea kwenye kunakili linaonekana hapo hapo, wakati wa seti mbili nakala ya pili inaweza kufunika. Kwa macho huwezi kujua umeshika upi, inabidi maabara. Mitosisi nayo ina makosa madogo madogo ya kunakili na katika kukata miaka na miaka yanaweza kulimbikizana, hakuna meiosisi ya kuyachambua.

Kama haya ya baharini yanakuwia mageni angalia muhogo. Muhogo nao tunapanda kwa pingili, yaani kukata, na pingili zinabeba magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kutoka shamba hadi shamba. Batobato ilielezwa kwa mara ya kwanza 1894 huko Usambara, michirizi ya kahawia ikaelezwa 1936, Tanganyika pia. Walichofanya wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara, miaka ya 1930, Storey na baadaye Nichols, ni kuuacha muhogo utoe maua na mbegu, wakauzalisha na jamaa zake wa porini pamoja na mpira, huu huu mti wa mpira tunaopikia kisamvu cha mpira pwani. Miche mingi iliyotoka ilikuwa ya kutupwa, mizizi mibaya, lakini michache ilivumilia ugonjwa, wakaizalisha tena na muhogo mpaka wakapata inayolika. Vizazi vya kazi hiyo vilifika Nigeria na kutumika kwenye kituo cha utafiti cha Ibadan, na aina nyingi za muhogo zinazovumilia batobato Afrika leo zina asili ya Amani. Ona walivyofanya baada ya kuupata mche mzuri: walirudi kukata pingili! Meiosisi iliwapa wa kuchagua, mitosisi ikawazidishia waliyemchagua. Kwa hiyo swali la ipi bora kati ya mbili hizi limekaa vibaya tangu mwanzo, spora ni ya kuchagua, kukata ni ya kuzidisha, na kosa letu kwenye mwani ni kwamba tumezidisha miaka 30 bila kuchagua.

Kuna wenzetu ambao hawana hiari. Kelpu wa China, ule mwani wa kahawia mpana, ukikata kipande cha jani hakioti mmea mpya, lazima spora ziote kwanza vimea vidogo vya dume na jike visivyoonekana, vizaane, ndo jani kubwa litoke, kwa hiyo wao wanapanda spora kwenye nyuzi tangu miaka ya 1950 huko. Na nori wa Japani, ule wanaofungia wali, ni kisa kinachonigusa kila nikikikumbuka. Wakulima walikuwa wanatega nyavu na kungoja, nori ukija umekuja, usipokuja mwaka umekwenda, hakuna aliyejua mbegu inatoka wapi. 1949 mwanamke wa Manchester, Kathleen Drew-Baker, akagundua kwamba ule uwekundu wa nyuzi nyuzi unaoishi ndani ya magamba ya kombe, ambao watu waliuhesabu ni kiumbe kingine kabisa chenye jina lake, ndo mwani huyo huyo wa jamii ya nori akiwa kwenye maisha yake ya seti mbili. Wajapani wakachukua magamba wakaanza kuyapanda kwenye matangi, na kilimo cha nori kikasimama imara. Alifariki 1957 bila kufika Japani, na 1963 wakulima walimjengea mnara huko Uto wanaoukumbuka kila Aprili. Mtu mmoja alijua mzunguko wa maisha ya mwani na watu wakapata riziki, sasa kwa nini sisi tusiujue wa kwetu.

Lile la kuuziwa kitu sicho. Siku hizi utasikia mbegu ya maabara, na watu wanadhani maabara maana yake ni mbegu mpya. Uliza: imetokana na spora au na tishu? Tishu ni kukata tu, ila kipande ni kidogo mno na kinakuzwa kwenye chupa safi, bado ni mitosisi, mwili ni ule ule. Nayo ina faida yake, inakuja safi bila uchafu na mwani mwingine ulioganda, inakua vizuri misimu ya mwanzo, ukiipata kwa bei nafuu chukua. Lakini joto likija itakufa kama mama yake alivyokufa. Anayekuuzia ya tishu kwa ahadi kwamba inahimili joto muulize ukoo gani na umejaribiwa wapi, asipokuwa na jibu usitoe hela.

Kwa hiyo ukichagua angalia uko wapi. Unalima mwembamba kina kifupi na unaendelea vizuri, endelea kukata, usihangaike, ila kata kutoka kwenye vishada vilivyonusurika kipindi cha joto, siyo vilivyonenepa kipindi cha kusi wakati kila kitu kinanenepa. Hata kwenye mwili mmoja rangi huwa zinatofautiana, kijani, kahawia, wekundu, na ukikata kijani unapata kijani, kwa hiyo zifunge kamba tofauti uone ipi inabaki. Unatamani mwani mnene na una ngalawa au kikundi kinacho, kata, peleka kina kirefu, usiufunge wote pwani mara moja. Na kama kikundi chenu kina nguvu na mna mawasiliano na watafiti, hapo spora, na mkubaliane mapema kwamba mwaka wa kwanza hamtavuna, mtachagua tu, asilimia kubwa mtaitupa. Msianze na mwani wa kuja peke yake pia, ule wa asili wa kwenye miamba yetu umekaa na joto la bahari hii muda mrefu kuliko wowote, na huko porini dume na jike wanakutana.

Mwisho kuna kitu kimoja ambacho hata mkulima wa kamba tano anaweza kukifanya bamvua hili. Ukiwa unavuna mwani mnene pitisha vidole kwenye matawi, yakiwa laini ni kawaida, ila ukikuta tawi lina vipele vigumu vya mviringo vilivyotokeza kama chunusi, usilianike. Huyo anaweza kuwa jike mwenye mimba. Kwenye mwembamba ni vigumu zaidi kwa sababu una miiba yake ya asili, lakini kipele ni cha mviringo na mwiba umechongoka. Weka tawi kwenye ndoo ya maji ya bahari, funika lisipigwe jua, andika ulipolitoa, na siku hiyo hiyo lipeleke kwa mtu mwenye hadubini, Unguja watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wapo Buyu. Mama yangu alishaniletea matawi mawili ya hivyo, la kwanza lilikuwa konokono wameganda tu. La pili nilipolikata kwa wembe nikaliweka chini ya lenzi lilikuwa limejaa spora.